Biblia Moja kwa Siku

Mwishoni mwa Agosti 1664, mjalidi mmoja wa Boston, jina lake John Ratcliff, aliwapelekea viongozi wa makoloni ya New England barua ya kulalamikia ujira. Alikuwa amevuka bahari kutoka London kwa ajili ya kujalidi Biblia, na bei waliyopatana ilikuwa shilingi 2 na peni 6 kwa kila nakala. Sasa alikwisha kuingia kazini na kuona kwamba kwa bei hiyo hawezi kujikimu. Katika fedha hiyo ilimpasa anunue mwenyewe uzi, gundi, karatasi ngumu za jalada, ngozi na bizimu za kufungia, na vitu hivyo, alisema, katika nchi hii havipatikani kwa shilingi moja. Vifaa ambavyo Uingereza angevipata kwa shilingi 4, Boston alivilipia shilingi 18, kwa kuwa huko nyuma havikuwa na matumizi makubwa. Halafu akataja jambo ambalo fundi yeyote angelielewa bila kufafanuliwa: kwa siku nzima hutoka Biblia moja, ya pili haitoki. Aliomba aongezewe hadi shilingi 3 na peni 4, au 3 na peni 6.

Shilingi ya Kiingereza wakati ule ilikuwa na peni 12. Ukiondoa shilingi ya vifaa, ambayo mwenyewe anasema haitoshi, mtu huyu alibakiwa na pungufu ya peni 18 kwa kutwa nzima ya kugonga, kushona, kugandisha na kukata. Wanaosimulia historia ya vitabu vya Marekani huanza kwa kawaida na mtambo wa chapa, au na wachungaji walioandika. Mimi naona tuanze na hesabu ya Ratcliff, maana kilichotoka mtamboni kilikuwa bado marundo ya karatasi tu.

Biblia zenyewe hazikuwa za Kiingereza. Mchungaji John Eliot wa Roxbury alitumia miaka mingi kujifunza lugha ya wenyeji wa pwani ya Massachusetts, ambayo wazao wao Wawampanoag wanaiita Wôpanâak, akaitafsiri Biblia nzima akisaidiwa na wenyeji waliozijua lugha zote mbili. Agano Jipya lilichapwa mwaka 1661 mjini Cambridge, na Biblia kamili ikatoka mwaka 1663. Ndiyo Biblia kamili ya kwanza kuchapwa popote katika Amerika. Walowezi wenyewe, ambao Biblia zao za Kiingereza zililetwa na meli, walikaa hadi 1782 ndipo wakapata iliyochapwa kwenye ardhi hiyo. Miongoni mwa waliozipanga herufi za Biblia ya Eliot alikuwa kijana mwenyeji wa kabila la Wanipmuc aliyeitwa kwao Wowaus, na wazungu wakamwita James Printer. Alianza uanagenzi kwa mpiga chapa Samuel Green mwaka 1659, na miaka mingi baadaye Eliot alikiri kwamba hakuna mwingine aliyeweza kupanga na kusahihisha kurasa hizo huku akielewa anachokisahihisha.

Viongozi wa makoloni waliagiza nakala 200 zijalidiwe upesi, ziwe imara, zivishwe ngozi au kitu kingine kitakachowafaa wenyeji watakaozitumia. Hapo ndipo Ratcliff alipoingia.

Sisi tuliopitia shule za msingi za huku tunajua kujalidi ni kulivisha daftari karatasi ya kaki au ya gazeti lisichafuke. Kwa mjalidi wa zamani, kuvisha ilikuwa hatua ya mwishoni. Kazi yake ilikuwa kukijenga kitabu kuanzia mgongoni. Biblia ya Eliot ilikuwa na kurasa zaidi ya 1,100, na kila karatasi kubwa ilibeba kurasa 8, kwa hiyo kila nakala ilimfikia fundi ikiwa karatasi bapa karibu 150. Kila moja ilikunjwa mara mbili na kupigwa mstari kwa kipande laini cha mfupa, mkunjo ukae. Kisha mikunjo ilipangwa kwa kufuata herufi ndogo zilizochapwa chini ya kurasa, A, B, C na kuendelea. Hapo ukikosea, Mwanzo utaufuatisha na Walawi, na msomaji atakulaani.

Baada ya hapo nyundo. Karatasi za wakati ule zilitengenezwa kwa mkono kutokana na matambara ya kitani, zikakaa nene na zenye mawimbi, na chapa yenyewe iliacha makovu kila herufi ilipogandamizwa. Mjalidi alichukua fungu la mikunjo, akaliweka juu ya jiwe au chuma bapa, akaligonga kwa nyundo yenye uso mpana na uzito wa kilo 5 au 6. Nyundo ilipaswa kutua bapa kabisa, kwa kuwa ikitua kwa ukingo hukata karatasi. Mkono mmoja ulipiga, mwingine ukalizungusha fungu kidogo kidogo, mpaka karatasi zikalala pamoja kama kitu kimoja. Hiyo ndiyo sauti iliyomjulisha jirani kwamba hapa pana mjalidi.

Kushona kulifanyika kwenye fremu ya mbao iliyosimamishiwa kamba nne au tano za katani, zimekazwa kama nyuzi za zeze. Mkunjo wa kwanza uliwekwa mgongo wake ukigusa kamba. Sindano iliingia upande mmoja, ikatembea ndani ya mkunjo hadi kwenye kamba, ikatoka, ikaizunguka kamba, ikarudi ndani, ikaendelea hadi kamba ya pili, na vivyo hivyo hadi mwisho, ambapo uzi ulifungwa fundo na mkunjo ulio chini yake. Kisha mkunjo uliofuata. Fundi aliyebanwa na bei aliweza kushona mikunjo miwili kwa mwendo mmoja wa uzi, akaokoa muda na uzi vilevile, na mnunuzi asijue lolote mpaka kitabu kianze kulegea baada ya miaka. Kila ninapoona kitabu cha karne ile ambacho bado kinafunguka bila kuachia kurasa, namfikiria aliyekishona katika chumba chenye dirisha moja, akalipwa kwa idadi na bado akapitisha uzi katika kila mkunjo.

Yaliyofuata yalikwenda haraka zaidi. Mgongo ulipakwa gundi moto na kuviringwa kwa nyundo ndogo, ncha za kamba zikapitishwa katika matundu ya mbao au karatasi ngumu za jalada, kingo zikapunguzwa kwa kisu kilichoendeshwa juu ya shinikizo. Ngozi ilikwanguliwa pembeni hadi ikawa nyembamba, ikapakwa gundi ya unga wa ngano, ikalowa, ikavutwa juu ya mgongo ikiwa bado mbichi na kubanwa pande zote mbili za kila kamba. Ndiyo maana vitabu vya kale vina matuta mgongoni: ni kamba za kushonea zinazoonekana chini ya ngozi, kama mbavu. Mteja mwenye fedha aliongezewa dhahabu. Fundi alipaka ute wa yai, akalaza juu yake jani la dhahabu, akachukua muhuri wa shaba uliopashwa moto na kuujaribu kwanza kwenye kitu chenye unyevu, akisikiliza unavyochoma, kisha akaukandamiza mara moja tu. Ukiwa na moto mno, ngozi inaungua. Ukipoa, dhahabu haishiki.

Boston ilikuwa na mjalidi hata kabla koloni halijapata mtambo wa chapa. John Sanders alinunua duka mjini humo mwaka 1637, na mtambo wa kwanza ulitua Cambridge mwaka uliofuata, baada ya mwenye safari, mchungaji Jose Glover, kufia baharini na kumwachia mkewe mzigo wa kuusimamisha. Kitabu mashuhuri cha mtambo huo, cha Zaburi, kilitoka mwaka 1640 kwa nakala zipatazo 1,700. Zimebaki 11. Mwaka 2013 mojawapo ilinadiwa New York kwa zaidi ya dola milioni 14.

Shida aliyoilalamikia Ratcliff, ya vifaa kutoka ng'ambo, iliwaandama wajalidi wa makoloni kwa zaidi ya karne moja. Mihuri ya shaba iliagizwa Uingereza, jani la dhahabu vilevile, hata karatasi ngumu ya jalada. Wakatafuta mbinu. New England ilikuwa na msitu, basi mafundi wakachukua vibao vilivyopasuliwa vyembamba sana, vya mwaloni au miti mingine ya huko, wakavitumia mahali pa karatasi ngumu. Kitabu cha shule cha miaka ile ukikishika leo, na ngozi yake imechanika pembeni, utaona nyuzi za mti zikipita chini yake. Ubao huo ulikuwa mwepesi na rahisi, lakini ulipasuka kwa kufuata nyuzi zake, ndiyo maana majalada mengi ya aina hiyo yamevunjika kwa mstari ulionyooka. Ngozi ya ndama, iliyo laini na ya kudumu, waliwekewa wateja wakubwa. Vitabu vya kila siku vilivaa ngozi ya kondoo, ambayo huchunika kama ganda la kitunguu.

Wala mjalidi hakuishi kwa Biblia na hotuba za wachungaji. Mkate wake ulitoka kwenye daftari tupu. Kila mfanyabiashara wa bandarini, kila karani wa mahakama na kila nahodha alihitaji daftari kubwa la hesabu, na daftari hilo lilishonwa na kuvishwa ngozi na fundi yule yule. Yalifuata matengenezo ya vitabu vya zamani, uuzaji wa wino na karatasi, na vijitabu vya kurasa chache vilivyotobolewa pembeni na kupitishwa uzi bila jalada lolote.

Vijitabu hivyo mara nyingi vilipita mikononi mwa wanawake. Benjamin Franklin, katika kumbukumbu za maisha yake, anamsifu mkewe Deborah kwamba alikunja na kushona vijitabu, akauza dukani na kununua matambara ya kitani ya kuwauzia watengeneza karatasi. Katika karakana nyingi kukunja na kushona vilikuwa kazi ya mke, mabinti na wasichana wa kuajiriwa, wakati jina la juu ya mlango lilikuwa la baba. Franklin huyo huyo anasimulia alivyofanya kazi Philadelphia kwa mpiga chapa Samuel Keimer, aliyechukua vijana kwa ujira mdogo akiwaahidi kuwafunza ufundi. Hugh Meredith angefundishwa kuchapa, Stephen Potts, kijana wa shamba, angefundishwa kujalidi, na Keimer mwenyewe hakuujua ufundi wowote kati ya hiyo miwili. Franklin alielewa upesi kwamba yeye ndiye aliyeajiriwa awafundishe, kisha wakishaiva aachishwe. Potts aliiva. Baadaye alijalidi vitabu kwa ajili ya Franklin, na alikuwa miongoni mwa marafiki waliokutana katika chama chao cha mazungumzo, Junto.

Mwanagenzi mwingine wa ujalidi alifika mbali zaidi. Henry Knox, aliyeacha shule akiwa na miaka 9, aliingia katika duka la vitabu na karakana ya Wharton na Bowes mjini Boston. Alijalidi na kusoma, na mwaka 1771, akiwa na miaka 21, alifungua duka lake. Alivyovisoma sana vilikuwa vitabu vya mizinga na ngome. Vita vya uhuru vilipozuka, George Washington alimtuma ngome ya Ticonderoga, naye katika kipupwe cha 1775 kuingia 1776 akaburura mizinga karibu 60 kwa mashua na sleji za kukokotwa na ng'ombe, mwendo wa kilomita zipatazo 480, hadi Boston. Ilipowekwa juu ya vilima, Waingereza waliuhama mji, tarehe 17 Machi 1776. Knox aliishia kuwa Waziri wa Vita wa kwanza wa Marekani.

Lakini vita vile vile viliuonyesha ufundi wake wa zamani jambo lingine, na hili ndilo linaloniuma.

Kwa kuwa ngozi ilikuwa ghali, hakuna mchapaji aliyejalidi nakala zake zote kwa pamoja. Alijalidi za kuuza mwaka huo. Zilizobaki zilikaa ghalani, karatasi bapa, zikisubiri wateja. Huko Ephrata, Pennsylvania, jumuiya ya Wajerumani wacha Mungu ilikuwa na kinu chake cha karatasi, mtambo wake wa chapa na karakana yake ya kujalidi. Mwaka 1748 walitoa kitabu kikubwa kuliko vyote vilivyochapwa katika makoloni kabla ya uhuru, Kioo cha Mashahidi, kilichofasiriwa kutoka Kiholanzi na Peter Miller kwa ajili ya Wakristo wa madhehebu ya Wamenoni. Watu 15 walikishughulikia kwa miaka 3. Kilikuwa na kurasa zaidi ya 1,500, na nakala 1,300. Kinasimulia habari za Wakristo waliokubali kuuawa badala ya kushika silaha. Vita vilipofika, jeshi la waasi lilikuwa na upungufu wa karatasi ya kufungia baruti na risasi. Askari walikuja Ephrata na mikokoteni, wakazichukua karatasi ambazo hazijajalidiwa. Huko Germantown, karatasi za Biblia ya Kijerumani ya Christopher Sauer ya mwaka 1776 ziliishia hivyo hivyo, na toleo hilo mpaka leo wakusanya vitabu huliita Biblia ya Bunduki.

Vilivyokwisha kushonwa na kuvishwa ngozi vilikuwa majumbani mwa watu, juu ya rafu na ndani ya masanduku ya maharusi. Vikasalimika.

Biblia ya Eliot ilipata majaribu yake mapema zaidi. Mwaka 1675 Metacom, mkuu wa Wawampanoag aliyeitwa na walowezi Mfalme Philip, aliingia vitani nao, na katika vita hivyo nakala nyingi ziliharibika. James Printer mwenyewe alikuwa upande wa pili wa vita, akarudi mwaka 1676 msamaha ulipotangazwa, akasimama tena mbele ya kasha la herufi. Toleo la pili lilikamilika mwaka 1685. Katika nakala zilizobaki kuna maandishi ya mkono pembezoni mwa kurasa, yaliyoandikwa na wenyeji kwa lugha yao: majina ya wenye vitabu, tarehe, maneno ya kujifariji. Vilikuwa vitabu vya kushikwa kila siku, na viliweza kushikwa hivyo kwa sababu vilishonwa vizuri. Lugha yenyewe ilikaa zaidi ya miaka 100 bila mtu wa kuizungumza. Mwaka 1993 Jessie Little Doe Baird, Mwampanoag wa Mashpee, alianza na wenzake kuirudisha wakitumia Biblia hiyo na nyaraka nyingine, na leo wapo watoto wanaoizungumza. Ratcliff hakuijua lugha hiyo. Alijua idadi ya mikunjo.

Naye Robert Aitken, Mskoti aliyehamia Philadelphia, alikuwa mjalidi, mpiga chapa na muuza vitabu kwa pamoja. Vita vilipozuia meli za Biblia kutoka Uingereza, alichapa ya kwake, Biblia kamili ya kwanza ya Kiingereza nchini, na mnamo Septemba 1782 Bunge la Congress liliipendekeza kwa wananchi. Mwaka uliofuata amani ikaja, na Biblia za bei rahisi kutoka ng'ambo zikajaa sokoni. Aitken hakuinuka tena sawasawa. Alipofariki mwaka 1802 aliacha madeni, na aliyeyabeba ni binti yake Jane, mwenye miaka 38 wakati huo.

Jane Aitken aliendesha karakana kwa jina lake. Mwaka 1808 alichapa Biblia iliyotafsiriwa na Charles Thomson, katika juzuu 4, akawa mwanamke wa kwanza Marekani kuchapa Biblia, na kwa jumuiya ya wasomi ya American Philosophical Society alijalidi vitabu karibu 400. Madeni ya baba hayakuisha. Mwaka 1813 vifaa vyake vilinadiwa. Rafiki mmoja wa jumuiya hiyo, John Vaughan, alivinunua akamkodisha aendelee navyo, lakini mwaka uliofuata alifungwa jela kwa deni. Aliishi hadi 1832. Kufikia wakati huo dunia ya ufundi wake ilikuwa inageuka: mashine ya kuviringisha ilianza kuchukua nafasi ya nyundo, na jalada la kitambaa, lililotengenezwa pembeni na kubandikwa kitabu kikishakamilika, lilianza kuiondoa ngozi madukani.

Wajalidi wachache wa zamani waliweka majina yao kwenye kazi. Andrew Barclay wa Boston alibandika ndani ya jalada kipande cha karatasi kinachoeleza duka lake lilipo. Wengine waliacha mihuri yao tu, maua madogo na mistari ya dhahabu. Katika karne ya 20, mhifadhi wa vitabu wa jumuiya ile ile ya Philadelphia, Willman Spawn, alianza kuzifuata alama hizo. Aliweka karatasi nyembamba juu ya jalada, akasugua kwa penseli mpaka nakshi ikajitokeza, akafanya hivyo kwa maelfu ya vitabu. Muhuri wa shaba ukigongwa ukingoni, kasoro yake hujirudia kwenye kila kitabu ulichopigwa, na gurudumu la mistari lenye pengo huliacha pengo hilo kila linapomaliza mzunguko. Daftari la hesabu la Robert Aitken lilikuwa limesalia, linaonyesha nani aliletewa kazi gani. Mwaka 1963 Spawn na mkewe Carol walichapisha utafiti wao uliolinganisha daftari na majalada, wakautambua muhuri mmoja baada ya mwingine wa karakana ya Aitken, ile mihuri ambayo Jane aliirithi pamoja na deni.